Kubandua lipu: kiraka, mita moja ya chini au nyumba nzima?

Ita mafundi watatu waje kuangalia ukuta mmoja wa nje ulioanza kubanduka lipu. Wa kwanza atasema laki na nusu. Wa pili laki tano na sitini. Wa tatu atazunguka nyumba, atakuna kichwa, kisha atataja milioni moja na laki sita. Huenda hakuna hata mmoja anayekuibia. Wa kwanza amehesabu kiraka, wa pili amehesabu kubandua sehemu yote ya chini kuzunguka nyumba, na wa tatu anataka ukuta wote ubaki tofali tupu ndipo aanze upya. Hizo ni bei za kazi tatu, si za kazi moja, na mwenye nyumba anayetazama tarakimu peke yake humchukua wa kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kushindanisha bei, ujue ukuta unaumwa nini. Dar es Salaam na pwani yote, ugonjwa mkubwa uko chini. Lipu inafura, rangi inatoka magamba, na nyuma ya magamba kuna unga mweupe unaoonja chumvi. Wenyewe tunasema ukuta unalika. Maji yanapanda kutoka ardhini kwa sababu juu ya msingi haikuwekwa nailoni ya kuzuia unyevu, au iliwekwa lakini baadaye mtu akajaza kifusi na kupanga pevingi hadi zikaipita. Au paa halina mifereji, na kila mvua ya masika inatwanga ardhi kando ya ukuta na kurusha matope juu yake. Maji hayo yakikauka yanaacha chumvi. Chumvi ikikauka inaumba fuwele, na fuwele zikikosa nafasi husukuma lipu mpaka iachie. Pengine chumvi haikutoka ardhini kabisa: iliingia na mchanga, kwa sababu aliyeuza tripu aliuchota karibu mno na bahari.

Ugonjwa wa pili ni wa juu: ufa mrefu ulionyooka unaofuata mstari wa linta, au unaoshuka pembeni mwa nguzo. Zege na tofali havitanuki kwa kiasi kimoja jua likipiga, na lipu iliyopita juu ya vyote viwili bila wavu wa waya hupasuka palepale vinapokutana. Huo hautaki kubandua nyumba. Unataka mfereji wa upana wa shibiri moja hivi ufunguliwe kufuata ufa, wavu upigwe misumari, lipu irudi.

Wa tatu ndio mbaya: ukuta mzima umeachia. Hapo kosa ni la siku ile ya kwanza. Tofali hazikunyunyiziwa maji, zikanyonya maji ya lipu kabla saruji haijashika. Au mchanga ulikuwa na matope mengi, au fundi alitaka kumaliza upesi akapiga safu moja nene ya sentimita tatu, na kesho yake hakuna aliyemwagilia.

Kipimo cha kutofautisha ni cha bure. Shika nyundo kwa kichwa, ugonge ukuta kwa mpini, kuanzia chini kwenda juu, kila baada ya shibiri. Lipu iliyokamata hutoa sauti fupi, kavu. Iliyoachia hulia kama debe tupu. Zungushia chaki kila panapolia, endelea mpaka umalize pande zote nne. Ukirudi nyuma hatua kadhaa utaona ramani ya ugonjwa, na ukichukua futi unapata mita za mraba zako mwenyewe, zisizotoka mdomoni mwa mtu anayetaka kazi. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo linaloamua gharama kuliko kitu kingine chochote, kama hesabu itakavyoonyesha.

Tuchukue nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, mita 12 kwa 8. Mzunguko wake ni mita 40. Kuta zikiwa na kimo cha mita 3, ukitoa milango na madirisha unabaki na kama mita za mraba 105. Mita moja ya chini peke yake ni kama 40. Bei nitakazotumia ni za kukokotolea tu, kwa sababu Kigoma si Kinondoni na saruji haina bei moja miezi miwili mfululizo. Futa zangu uandike zako. Saruji mfuko wa kilo 50, shilingi 17,000. Kubandua mita moja ya mraba, 2,000. Kupiga lipu mita moja, 4,000. Rangi ya nje ndoo ya lita 20, 150,000.

Kiraka cha mita 10: mifuko miwili ya saruji ni 34,000, mchanga wa toroli 20,000, fundi na saidia wake kwa siku mbili 70,000, kopo la rangi 30,000. Jumla 154,000.

Mita moja ya chini kuzunguka nyumba: lipu ya sentimita mbili kwa safu mbili, pamoja na rojo la kushikia na upotevu, inakula kama mifuko minane, yaani 136,000. Mchanga 60,000. Kubandua 80,000, kupiga 160,000, kutoa kifusi 50,000, nusu ndoo ya rangi 75,000. Jumla 561,000.

Nyumba nzima: mifuko 20 ni 340,000, mchanga 140,000, kubandua 210,000, kupiga 420,000, kifusi 100,000, mirunda na mbao za jukwaa 80,000, ndoo mbili za rangi 300,000. Jumla 1,590,000.

Sasa gawanya kila jumla kwa mita zake. Kiraka ni kama 15,400 kwa mita. Ya chini ni 14,000 na kidogo. Nyumba nzima ni 15,100. Karibu sawa zote! Hakuna njia iliyo rahisi au ghali kwa mita. Kinachotofautiana ni mita ngapi unazigusa na utazigusa mara ngapi, na swali hilo halijibiwi na fundi mwenye bei nzuri. Linajibiwa na chaki.

Kiraka kina mahali pake. Palipogongwa na gari, palipochimbwa kupitisha bomba, palipobanduka chini ya dirisha kwa sababu kizingiti hakina mteremko: hapo kiraka ni sahihi na anayekwambia ubandue ukuta wote muulize kwa nini. Cha kumwangalia fundi ni kingo. Zikatwe kwa grenda au tindo ziwe zimenyooka, wima, si zilizochongoka zikaishia na unene wa karatasi, maana huo unene wa karatasi ndio utakaobanduka kwanza. Na ujue mapema kwamba rangi haitafanana. Ukuta uliopigwa jua miaka sita una rangi yake ambayo hakuna kopo linaloiuza, kwa hiyo ama uishi na doa, ama upake upande wote kutoka kona hadi kona, na hiyo ni gharama ambayo haimo kwenye ile laki na nusu.

Lakini kiraka cha chini, kwenye ukuta unaolika, ni kodi unayojitoza. Unyevu haukomi eti kwa sababu umeuziba. Ukikutana na kiraka kigumu chenye saruji nyingi unapita pembeni yake na kutokea juu, ndiyo maana unaona nyumba zenye kiraka kipya chini na mstari mpya wa magamba juu yake. Viraka vinne vya mita kumi vinazidi bei ya kubandua chini kote, na bado hujabandua.

Kwa nyumba nyingi za pwani, mimi ningechagua kazi ya chini. Ila ifanywe yote. Lipu ibanduliwe mpaka sentimita 30 juu ya alama ya mwisho ya unyevu, hata kama hapo juu inatoa sauti fupi, kavu, kwa sababu chumvi hutangulia magamba. Halafu ukuta uachwe wazi. Hili ndilo jambo ambalo halimo kwenye bei ya fundi yeyote, kwa kuwa halimlipi: tofali zipumue wiki kadhaa, na unga mweupe unaotoka usuguliwe kwa brashi ya waya, mkavu, ukusanywe na kutupwa mbali. Ukiuosha kwa maji unairudisha chumvi ndani. Nyumba inakuwa mbaya, majirani wanauliza kama fundi amekimbia na hela, na kama una wapangaji watanung'unika. Vumilia. Anayeweza kuchagua msimu abandue Juni, masika yakishaondoka, apige lipu Julai mwishoni au Agosti, kwenye kipupwe, kabla vuli haijaanza Oktoba.

Wakati ukuta uko wazi, ndipo pa kutibu chanzo. Punguza udongo ulioegemea ukuta ushuke chini ya usawa wa sakafu. Tengeneza mteremko wa maji uende nje. Weka mifereji. Kwenye nyumba yetu ya mfano, paa la migongo miwili lina mita 24 za kingo. Ukikadiria 12,000 kwa mita pamoja na vishikio na bomba za kushushia, ni 288,000. Jumlisha na 561,000 unapata 849,000, nusu na kidogo tu ya bei ya kubandua nyumba nzima. Kati ya mtu aliyebandua nyumba nzima bila mifereji na aliyebandua chini tu akaweka mifereji, wa pili ametumia pesa kidogo na atakaa muda mrefu zaidi bila kumwita fundi.

Kuna desturi yetu ya kupaka mkanda wa rangi ya mafuta chini ya ukuta, kahawia iliyoiva au kijivu, ili matope yasionekane. Unaficha uchafu kweli. Unafunga pia mlango wa unyevu kutokea, na ndiyo maana mkanda huo hubanduka kwa vipande vikubwa. Kama unaupenda, tumia rangi ya maji ya nje yenye rangi hiyohiyo.

Vigae na mawe ya urembo ni ufichaji wa aina hiyohiyo, ila wa bei mbaya. Mita 40 za kigae cha 25,000 ni milioni moja kabla ya gundi na fundi. Kwenye ukuta mkavu, sawa, pesa ni zako. Kwenye ukuta unaolika, unyevu utapanda hadi juu ya kigae, au utageukia ndani, kwenye chumba cha kulala nyuma ya kabati, na hapo utautambua kwa harufu kabla ya kuuona.

Nyumba nzima ibanduliwe lini? Chaki ikionyesha zaidi ya nusu inalia. Chini ya hapo ni hasara, tena si ya pesa tu. Tofali nyingi za mtaani zimefyatuliwa kwa saruji kidogo, na lipu iliyokamata ukiing'oa kwa nyundo inaondoka na uso wa tofali. Fundi anabaki na ukuta wa mashimo, na mashimo yanajazwa kwa mifuko ambayo haikuwa kwenye makadirio. Kitu kingine kinachosahauliwa ni kifusi. Mita 105 za lipu ya sentimita mbili ni kama tani nne za uchafu. Uliza nani anaubeba, na unakwenda wapi, kabla haujarundikwa kwenye mtaro wa jirani. Wanaobandua wavae barakoa na miwani; vumbi la mchanga na saruji linaumiza mapafu, na saidia wa miaka kumi na tisa hatakudai barakoa asipopewa.

Kwenye vifaa watu hupoteza pesa kwa kununua nguvu isiyohitajika. Dukani kuna saruji ya 32.5 na ya 42.5. Ya pili ni ya zege: nguzo, linta, jamvi. Lipu inatosheka na ya kwanza, iliyo rahisi, na mchanganyiko wa moja kwa tano unatosha kwa nje. Fundi akikwambia anakupigia moja kwa tatu ili iwe imara, mshukuru na umkatalie. Lipu yenye saruji nyingi husinyaa zaidi inapokauka, hupasuka nyufa ndogondogo, na maji huingia humo yakashindwa kutoka. Kanuni ya waashi wa zamani ni kwamba kila safu ya nje iwe dhaifu kidogo kuliko iliyo chini yake.

Ukitaka kuongeza pesa mahali, ongeza kwenye chokaa. Saruji moja, chokaa moja, mchanga sita. Kwa zile mita 40 inapunguza mifuko miwili hivi ya saruji na kuongeza kama mifuko minne ya chokaa ya kilo 25, kwa hiyo tofauti ya bei ni ndogo. Unachopata ni lipu inayovutika vizuri kwenye mwiko, isiyopasuka ovyo, na inayouachia unyevu utoke. Mafundi vijana wengi hawaitumii, wengine watakwambia ni ya kupaka miti tu. Chokaa inaunguza macho, miwani tena.

Mchanga upime mwenyewe. Tia kwenye chupa nyeupe ya maji hadi nusu, jaza maji na chumvi kijiko kimoja, tikisa, acha saa tatu. Mchanga utakaa chini, matope juu yake. Tabaka la matope likikaribia moja ya kumi ya mchanga, mwambie dereva aondoke nao. Dawa za kuzuia maji zinazochanganywa kwenye lipu husaidia dhidi ya mvua inayopiga kwa pembeni. Dhidi ya maji yanayopanda kutoka msingini haziwezi kitu, na muuza duka hatakuambia hivyo.

Yote niliyosema ni ya nyumba za tofali za saruji. Mwenye nyumba ya mawe Mji Mkongwe wa Zanzibar, au Lamu, au Mombasa ya zamani, asiitumie hesabu yangu. Kuta zile ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyojengewa kwa chokaa na udongo mwekundu, na hazikuwahi kuwa na kizuizi cha unyevu chini. Zilitegemea kupumua. Maji yanaingia, yanatoka, chokaa inalika kidogokidogo na kupakwa upya. Ukiwamba saruji juu yake, uso unakuwa mgumu, unyevu unabaki moyoni mwa ukuta, udongo unaoshikilia mawe unalainika, na vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani vinaoza. Kwa macho, nyumba imependeza. Kwa hiyo hapo kubandua saruji ndiyo tiba yenyewe, polepole na kwa tindo, na kurudisha chokaa iliyozimwa na kulowekwa, sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu, safu nyembambanyembamba zilizofunikwa magunia mabichi zisipigwe jua. Chokaa yenyewe haimshindi mtu. Muda ndio ghali: saruji inaweza kupigwa safu ya pili kesho yake, chokaa inaweza kudai wiki kati ya safu na safu, na fundi anayeijua ana foleni. Mji Mkongwe umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, Lamu tangu 2001, na kazi ya nje huko ina kibali chake. Kwa Zanzibar anzia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, hata kabla ya kumtafuta fundi.

Turudi kwa mafundi wetu watatu. Kazi ya kubandua ningeilipa kwa siku na ya kupiga lipu kwa mita. Anayebandua kwa mita anakimbia, na anayekimbia na nyundo anavunja tofali. Anayepiga lipu kwa siku hana haraka ya kumaliza. Mazungumzo yenyewe yanaweza kuwa mafupi.

"Mama, hapo juu pazima, tusipaguse."

"Sawa fundi, pagonge nisikie."

Akikataa kugonga, umeshapata jibu. Halafu muulize maji ni ya nani. Lipu ya saruji inataka kumwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku saba, na mahali maji yanaponunuliwa kwa boza au kwa madumu hiyo ni gharama halisi ambayo kila upande hudhani ni ya mwenzake. Muulize pia lipu iliyochanganywa saa nne na kubaki mpaka baada ya chakula cha mchana anaifanyia nini. Jibu zuri ni kwamba anaitupa. Wengi huiongezea maji na kuendelea.

Malipo yagawe kwa hatua zinazoonekana: kubandua kukiisha na mkipima pamoja, safu ya kwanza ikishika, safu ya mwisho ikipita kwenye timazi na rula. Rangi isubiri wiki nne baada ya lipu, vinginevyo ukali wa saruji mbichi utaiunguza. Na asilimia kumi ya ufundi ibaki mkononi mwako mpaka siku ya rangi, ili kabla ya kuilipa uchukue nyundo tena, wewe na fundi, mzunguke nyumba mkigonga.